Picha za Nyimbo Tulizozikataa

Nyinyi mnaoalika watu kwa kubonyeza simu hamjui raha ya kukataliwa uso kwa uso. Mnatuma mwaliko mmoja kwa watu mia tatu. Asiyekuja hamjui kwa nini hakuja, na aliyekuja hamjui kafuata nini. Mimi nilialika kwa mdomo wangu na miguu yangu, hapa hapa mjini Unguja, miaka ya hamsini, na kila aliyenikatalia nilimwona macho. Sikuambieni haya kwa kujisifu. Kujisifu nitajisifu, lakini baadaye kidogo.

Wakati huo harusi haikuwa na kadi. Mwenye shughuli alimtafuta mwanamke anayeijua mitaa na milango yake, akamtajia majina, naye akatoka asubuhi na buibui lake, nyumba baada ya nyumba: Bi. fulani anakualika, siku fulani, njoo na wanao. Majina hayakuandikwa. Niliyashika kwa vichochoro. Nikiingia Kiponda kwa upande wa msikiti, majina yalikuja yenyewe, moja nyuma ya jingine, kama shanga. Ukinikatisha njiani ukanipeleka upande mwingine, nilisahau yote, ikabidi nirudi mwanzo wa kichochoro nianze tena.

Kazi nilifundishwa na Bi. Mize, bibi mfupi aliyekuwa na sauti ya kupenya ukuta. Nilikuwa nimeachwa, nimerudi kwa mama, mtaa wa Malindi hapa hapa mjini, sina hili wala lile, akanichukua nimfuate. Aliniambia: piga hodi tatu, wala usiukabili mlango, simama ubavuni, ili ukifunguliwa macho yako yasitangulie kuingia. Anza na mkubwa wa nyumba, hata kama hasikii. Kahawa ya nyumba ya kwanza usiinywe, kwa sababu ukiinywa ya kwanza utainywa ya ishirini, na mwanamke aliye njiani hana pa kujisitiri. Aliye edani usimwalike kwenye furaha. Msabahi, muombee, toka. Na wake wenza mualike kila mmoja kama kwamba ndiye peke yake duniani.

Haya yote niliyashika, na bado mwaka wangu wa kwanza nilifanya la kufanya. Nilipiga hodi nyumba moja Mkunazini, nikamwambia mwenye nyumba, "Unaalikwa harusi ya Bwana Seif, Alhamisi, alasiri."

Akaniuliza, "Seif yupi?"

"Mwenye duka la vitambaa. Yule ana kovu hapa kidevuni."

"Kovu lile," akasema pole pole, "nimemtia mimi."

Nilikuwa nimemwalika mke kwenye harusi ya mumewe. Sijui nilitokaje. Najua nilifika kwa Bi. Mize kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza swali moja tu.

"Ulimwambia uongo?"

"La, Bi. Mize. Harusi ni kweli ipo."

"Basi uso wako utapona. Mwenye kualika akikosea husamehewa. Akidanganya, aende akauze mbatata, maana mbatata mtu anaziona mwenyewe."

Nililicheka neno hilo kwa miaka mitatu. Kisha akaja Bwana Rajabali.

Bwana Rajabali alikuwa na senema. Jina lake la kweli nalijua, na la senema yake nalijua, nyinyi hamna haja nayo. Wajukuu zake ni watu wazuri. Kila Jumapili baada ya adhuhuri alionyesha picha kwa wanawake peke yao. Mlangoni mwanamke, ndani wanawake, mwanamume pekee alikuwa yule wa kuendesha mashine, naye alikuwa juu kwenye chumba chake, haonekani wala haoni. Lakini wanawake wengi hawakuwa wakisoma mabango, na ile gari iliyopita na spika ikipiga makelele haikumjua mtu kwa jina. Basi akanitafuta. Akasema, "Bi. Tatu, wewe alika tu kama unavyoalika harusi."

Nikafanya. Na wallahi, nilifanya vizuri. Nilijifunza kwamba picha haialikwi kama harusi. Kwenye harusi mtu anauliza nani anaoa. Kwenye picha anauliza italiza? Nikatunga kipimo changu. Kulikuwa na picha ya leso moja, ya leso mbili, ya leso tatu. Leso moja ni kufuta jasho na kucheka. Leso mbili, kuna mtoto anapotea lakini anapatikana. Leso tatu, mama anakufa. Mwisho wa hadithi sikumwambia mtu, hata aniapishe. Ila niliwaambia kama kuna mama mkwe, kwa sababu wengine walikuja kwa ajili ya huyo tu, waje wamzomee pale gizani, kisha warudi nyumbani wakamwandalie mkwe wao chai kwa adabu.

Jumapili zile zilikuwa zetu. Mngeuona ukumbi ule! Asmini mpaka kichwa kinauma, watoto wachanga, visheti vinapita kutoka mstari hadi mstari, mabuibui yamevuliwa yamewekwa vitini, na kila mtu na maoni yake kwa sauti. Kulikuwa na wanawake ambao wiki nzima hawakuona jua ila la uani. Kwa wengine ile ndiyo safari. Mtu anayeniambia ilikuwa upuuzi wa picha, mimi humwambia aende zake.

Sasa, hizo picha zilizokataliwa. Bwana Rajabali alinunua sita kwa mpigo, picha za Kizungu za nyimbo, kutoka kwa mtu aliyemuambia kwamba huko Ulaya watu wanalala mlangoni kuzisubiri. Akaonyesha moja kwa wanaume. Mahamali wa bandarini walikaa robo saa, kisha wakatoka mmoja mmoja, wakaenda kucheza karata barazani ng'ambo ya njia, mbele ya macho yake. Bwana Rajabali akaja kwangu.

"Wanaume hawana subira," akasema. "Wanawake ndio wapenda nyimbo. Jumapili hii nitawaonyesha hiyo hiyo, uwaambie kuna picha ya nyimbo."

"Ya wapi, Bwana?"

"Ya nyimbo."

"Nasema ya wapi. Ya Kihindi? Ya Kimisri?"

"Bi. Tatu, wewe sema nyimbo na mapenzi. Wakishakaa vitini wataipenda."

Nilikuwa nimeliona bango lake. Mzungu na kofia ndefu kama chungu, mguu mmoja juu, anacheka meno yote. Nilijua si ya Kihindi. Nilijua hamna leso hapo. Lakini Jumapili thelathini nilikuwa nimejaza ukumbi ule, na kichwa kilikuwa kimevimba. Niliona ninaweza kuujaza hata kwa ukuta mweupe. Nikatoka Jumatano na Alhamisi. Nikasema picha ya nyimbo. Wakauliza leso ngapi. Hapo Bwana Rajabali hakuwapo, hakunishikia kisu. Nikasema tatu.

Kiponda palikuwa na mwanamke mdogo, akiitwa Kibibi, mke wa Bwana Khatibu, karani wa mizigo kule Malindi. Bwana Khatibu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mgumu kama mlango wake. Kibibi alikuwa ametoka uzazini, siku arobaini zimekwisha, na mumewe akamwambia: kwa kuwa umesalimika na mtoto amesalimika, chagua siku moja ukatembee na wenzio, ruhusa unayo. Siku moja. Senema hakuwahi kuingia maisha yake.

Kibibi akaniuliza, mtoto yuko begani, "Bi. Tatu, mimi ruhusa yangu ni moja. Hii ndiyo niitumie?"

Nikamwambia, "Itumie, mwanangu."

Vijana, mtu anaweza kuishi miaka tisini na maneno mawili yakawa bado yanamkaa kooni.

Jumapili ukumbi ukajaa. Kibibi alikaa pembeni yangu, leso zake tatu amezikunja pajani, mpya, amezipiga pasi. Taa zikazimwa. Picha ikaanza.

Kijana wa Kizungu anafungua barua: anaimba. Anafunga kiatu: anaimba. Anakwenda stesheni ya gari la moshi, anamwona msichana, na wapagazi wote wanaacha mizigo ya watu chini wanaimba naye. Hapo mbele yangu mmoja akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Labda amekufa."

"Amekufa vipi, na hakuna anayelia?"

"Na msichana je? Wa nani yule? Anatembea peke yake?"

"Mbona hawagombani?"

"Watagombana, subiri."

Hawakugombana. Walifika mahali wakagombana kidogo, juu ya mwavuli, kisha wakaimba juu ya mwavuli huo huo. Nusu ya picha wanawake walianza kuvaa mabuibui. Bi. Rukia wa Shangani, ambaye nikialika lolote mjini nilianzia kwake, alisimama katikati ya ukumbi, mpana, kivuli chake kikaziba Mzungu mzima na kofia yake.

"Tatu!" akaita. "Tatu yuko wapi?"

"Naam," nikasema.

"Leso zangu tatu kavu, Tatu! Kavu! Hii ndiyo picha uliyotualikia?"

Wakacheka, wengine wakanitukana, wakatoka kundi moja. Hayo yote ningeyamudu. Nimetukanwa na watu wazito zaidi. Nilichoshindwa kukimudu ni Kibibi, ambaye hakutoka. Aliitazama ile picha mpaka mwisho, hata jina la mwisho likapita, kama mtu anayemaliza chakula kibovu kwa kuwa amekisafiria. Kisha akazikunja leso zake.

"Nilipewa moja tu," akaniambia. Hakukasirika. Ingekuwa heri akasirike.

Nisimame hapa kidogo. Mjukuu wa dada yangu, amesoma, aliniambia juzi kwamba tulizikataa picha zile kwa kuwa hatukuelewa lugha. Nikamuuliza, Kihindi nani alikuwa anakijua? Tulikaa saa tatu na picha ya Kihindi hatujui neno ila mawili matatu, na tukatoka macho mekundu. Akasema basi hatukuzoea uimbaji. Sisi? Watu wa Unguja, ambao hata maneno ya ugomvi tunayavaa kwenye kanga? Sisi tulijua kuimba ni kwa nini. Mtu huimba pale neno limemkaa na hawezi kulisema mbele ya mkwewe. Yule kijana wa kofia hakuwa na neno lililomkaa. Alikuwa na afya tu. Hatukumtaka, na hatukumtaka kwa akili zetu timamu, na kama leo mkinirudishia miaka yangu sitaki tena kumwona. Mtu ana haki ya kutopenda kitu bila ya kuitwa mjinga.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Rajabali.

"Ziko tano nyingine," akasema kabla sijakaa. "Wataizoea. Jumapili ijayo utasema—"

"Sitasema uongo tena."

"Nani kataja uongo? Utasema nyimbo."

"Nitasema Kizungu. Nitasema hamna mama ndani. Nitasema leso mtaziacha nyumbani."

Akacheka. Akaegemea kiti, akaniambia, "Bi. Tatu, wanawake wakitaka za Kihindi watazame na hizi. Wasipotazama hizi, hizo hazitakuwapo. Nitafunga Jumapili yao, nitaweka wanaume. Kawaambie hivyo, unavyopenda kusema kweli."

Nikamwambia, "Nitawaambia. Lakini kwanza nionyeshe hiyo ya pili. Mimi sialiki tena nisichokiona."

Alidhani ninatania. Jumanne asubuhi nikaja, nikakaa peke yangu kwenye ukumbi mtupu, na yule mtu wa mashine akanionyesha picha nzima, mchana kweupe nje. Hiyo ilikuwa ya mpishi wa mikate anayeimbia unga. Niliitazama kwa haki. Niliitafutia jambo jema, nikalipata: mikate ilikuwa mizuri.

Kisha nikatoka kupita nyumba, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilianza kwa Bi. Rukia kama desturi. Mtumishi akaniambia Bi. Rukia hayupo, nami namsikia anakohoa ndani. Nikasimama ubavuni mwa mlango nikasema kwa sauti ya Bi. Mize, sauti ya kupenya ukuta.

"Bi. Rukia, sikuja kukualika. Nimekuja kusema nilikudanganya. Bango nililiona, nikajua, nikasema leso tatu. Si Bwana Rajabali, ni mdomo wangu. Na Jumapili hii ipo nyingine kama ile, ya mpishi na mikate. Nimeitazama. Haifai. Na yeye anasema mkikataa hizi anafunga Jumapili yenu. Ndiyo ujumbe, nimeufikisha."

Watu wa kichochoroni wamesimama wananitazama, muuza kahawa na birika lake hewani. Halafu mlango ukafunguka upana wa mkono, na jicho moja la Bi. Rukia.

"Anasema nini? Anafunga?"

"Ndivyo asemavyo."

"Muambie afunge, na mlango wake ataubusu peke yake." Akaufunga wa kwake. Kisha kutoka ndani: "Na wewe, Tatu, bado nimekasirika!"

Nyumba kwa nyumba, siku tatu, nilisema vile vile. Wengine walinisamehe, wengine walinimwagia maji miguuni kwa bahati mbaya. Nyumba mbili za harusi zilizokuwa zimeniagiza zikatafuta mwanamke mwingine. Bi. Mize alikuwa mzee sana wakati huo, halali vizuri. Nilipomsimulia alisema, "Basi mbatata hujaziuza bado," akageukia ukuta.

Jumapili ikafika. Nilisimama mlangoni pa senema kwa kuwa ndipo pangu. Bwana Rajabali alisimama ndani na saa yake. Adhuhuri ikapita. Hakuja mtu. Hata mmoja. Hata wale wasiokosa, hata wale waliokuja kwa ajili ya kulala tu kwenye kivuli. Ukumbi ule mkubwa, viti vyote, hapana pumzi. Mtu wa mashine akatoa kichwa kwenye tundu lake kuuliza aanze au asianze.

"Funga," akasema Bwana Rajabali. Na kweli akafunga. Jumapili iliyofuata aliweka wanaume.

Msidhani ilikuwa tamu. Wiki ya pili tu wanawake walianza kuniambia, Tatu, umetufungia senema yetu. Mmoja wa Malindi alinishika buibui sokoni, akasema, "Kwani ungekufa kusema leso moja? Tungekaa, tungekula visheti, tungezungumza. Nani aliyekuwa akitazama hasa?" Alikuwa amesema kweli. Nilirudi nyumbani nikalia. Mara mbili nilivaa niende kwa Bwana Rajabali nikamwambie haya, nitasema utakavyo. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye ngazi.

Aliyenirudisha ni Bi. Rukia, ambaye nilimkuta yuko njiani na wanawake saba nyuma yake, wamejipamba kama siku ya Idi, na sinia la mkate wa kumimina kichwani kwa mmoja wao.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Pale tu."

"Pale tu hakuna kitu. Leo ni Jumapili, saa ya picha. Sisi tunakwenda kwa Kibibi. Yeye hatoki, basi picha tutakuwa sisi. Tangulia, wewe ndiye mwenye kupiga hodi."

Tukafanya hivyo Jumapili ile, na iliyofuata, na nyingine. Tulipita kusudi mbele ya senema, njia ndefu, mabuibui ishirini, thelathini, tunazungumza kwa sauti tunapofika mlangoni pake. Kwa Kibibi tulikaa ukumbini, mtu anasimulia picha aliyoiona zamani, mwingine anaigiza mama mkwe, na Bi. Rukia, pamoja na upana wake, alimuigiza yule Mzungu wa kofia. Alichukua chungu akakiweka kichwani, akafunga kiatu, akaimba. Mtoto wa Kibibi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bwana Khatibu alikuwa barazani nje. Alisikia yote, mlango mgumu lakini una nyufa.

Wanaume wa Jumapili hawakumfaa Bwana Rajabali. Walikuwa na mpira, walikuwa na karata, walikuwa na siasa. Miaka ile kila baraza lilikuwa na siasa yake. Wiki ya sita alipiga hodi kwa mama yangu, amevaa koti.

"Bi. Tatu," akasema, "hizo picha nizifanye nini?"

"Zirudishe ulikozitoa."

"Hazipokelewi."

"Basi huko nako wana akili."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nimepata ya Kihindi. Mpya. Waalike."

"Mimi neno langu limekwisha mjini," nikamwambia. "Tulilimaliza wewe na mimi. Nikisema Kihindi hawataamini. Utakuja nami, mlango kwa mlango, useme mwenyewe."

"Mimi? Nikapige hodi kwa wanawake?"

"Hodi nitapiga mimi. Wewe utasimama nje, utasema."

Na alikuja! Nyumba ya kwanza, Shangani, nikapiga hodi tatu, nikasimama ubavuni, nikamuonyesha naye asimame ubavuni. Bi. Rukia akauliza kwa ndani, "Inahusu nini, hiyo picha?"

Bwana Rajabali akakohoa. "Ni ya Kihindi, Bibi. Nzuri sana."

"Nakuuliza inahusu nini. Mama yupo?"

"Nadhani... yupo."

"Unadhani? Hujaitazama?"

Akanitazama mimi. Miaka yote ile, mtu yule hakuwahi kukaa akatazama picha yake hata moja. Aliziuza kama mtu anavyouza mzigo uliofungwa.

"Nenda katazame," akasema Bi. Rukia, "kisha urudi."

Akaenda. Siku ya pili alirudi amebadilika, macho yamevimba, na hakungoja kuulizwa. Alisimama ubavuni mwa mlango akaisimulia picha: mama yuko wapi, mtoto katupwa na nani, na alipofika kwenye kipande cha kisima sauti ikamkatika, nikamvuta mkono haraka asije akautoa mwisho wote bure. Ndani nikasikia Bi. Rukia anapenga kamasi.

Tulipofika Kiponda, Bwana Khatibu alikuwa amekaa barazani. Bwana Rajabali akamsalimia. Mimi nilikuwa sijamwambia aseme nini hapo. Nilikuwa nimemsimulia tu njiani habari ya ruhusa moja. Akasema, "Bwana Khatibu, ile siku uliyompa mkeo, mimi na huyu tuliitumia kwa uongo. Nimekuja kusema hivyo."

Bwana Khatibu akageuza tasbihi yake, punje moja, punje ya pili. Mlango nyuma yake ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nami nilijua nani yuko nyuma yake.

"Mimi," akasema, "sikumpa ruhusa ya kudanganywa." Akageuza punje ya tatu. "Basi ile haikutumika. Bado anayo."

Jumapili hiyo wanawake walikuja mpaka wengine wakakaa chini kwenye njia baina ya viti. Harusi zilinirudia pole pole. Nilialika mji huu miaka mingine mingi, na Bwana Rajabali hakuniambia tena niseme nini. Alinionyesha kila picha kwanza, naye akakaa kiti cha nyuma yangu, akitazama. Tano zile hazikuonyeshwa kwa watu. Mikebe yake ilikaa chini ya ngazi mpaka ikaota kutu, na mimi nilipopita niliipiga teke kwa adabu.

Jumapili ile tuliyorudi, Kibibi alikaa pale pale pembeni yangu. Picha ilikuwa nzuri kupita zote nilizowahi kualika. Ukumbi mzima ulikuwa unalia, watoto wanalia kwa kuwa mama zao wanalia. Nikamgeukia kumwangalia. Alikuwa amelala, kichwa nyuma, mdomo wazi, na mtoto amelala kifuani mwake.

Tulipotoka nje nikamuuliza, naogopa, "Vipi, mwanangu? Hukuipenda?"

Akajifunga buibui vizuri, akamhamisha mtoto bega la pili.

"Sikuipenda," akasema. "Wanalia mno. Nimelala nusu yake, Bi. Tatu, na nimelala kwa hiari yangu."